Papa Phinées na Kidude Kilichoangalia Mbinguni

Kisha miaka makumi tatu na moja na miezi mbili ya kazi mu atelier yetu ya kutengeneza vyombo, hapa Butembo, Papa Phinées Kitsa anaacha kazi apumzike, leo Ijumaa, tarehe 27 mwezi wa sita 2025. Tarehe ya kwanza kupangwa ilikuwa 30 mwezi wa ine. Mbuzi ya sikukuu ilikuwa imekwisha kununuliwa. Ikabaki imefungwa nyuma ya atelier miezi mbili, inakula makaratasi yetu na kunenepa. Tukaipa jina Pension, kama malipo ya mwenye kuacha kazi. Kwa nini sikukuu ilichelewa, njo habari yenyewe.

Papa Phinées alitoka Lubero mu 1994 na sanduku moja ya matournevis, zile bisibisi. Alianza na maradio, akafuata matelevizio, kisha matelefone, na sasa hata mitambo ya michezo. Amplificateur ya kukuza sauti mu kanisa moja la Kirumba aliitengeneza siku ya Pasaka, kwaya inaendelea kuimba. Wakati sauti ilirudia, mama mumoja aliyezoea kuficha sauti yake katikati ya bengine alisikika mupaka ku soko. Bote balimushukuru Papa, isipokuwa yule mama.

Alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni étagère ya juu, ule ubao wa kuwekea vitu karibu na dirisha: pale njo pa kuweka kitu chenye kimemushinda. Miaka makumi tatu na moja haikubeba kitu ila vumbi, na alisema wazi kwamba ataiacha vile. Ya pili ni rideau, pazia ya nyuma ya meza. Mutu akileta radio yenye "imekufa", kumbe pile, zile betri, ziliwekwa kinyume, Papa Phinées hakumucheka. Alibeba radio nyuma ya rideau, akakaa dakika kumi, akatoka nayo inaimba. Alisema tu ilikuwa na ka shida kadogo, na mwenyewe alirudi nyumbani bila haya.

Basi, mu mwezi wa ine, Mama Providence, mwenye salle, nyumba ya michezo ya video, kule Bungulu, mu Beni, alitutumia kidude kidogo kama sanduku ya kiberiti. Kinafungwa juu ya casque ya masikio na kinasoma vile kichwa kinageuka: ukiangalia kushoto, dereva wa mu écran, ku kioo, naye anaangalia kushoto. Lakini kule Bungulu, mutu akiangalia barabara, dereva alikuwa anaangalia mawingu. Batoto balisema gari yao inatafuta ndege.

Papa Phinées alikiweka mezani, kikatulia. Akakifunga ku kichwa chake, akageuka kushoto, kuume, juu, chini. Dereva alimufuata kama kivuli. Akakirudisha Beni. Kisha siku tatu, habari ikarudi: mawingu. Akafikiri sumaku ya mabaffle makubwa ya sauti inakivuruga, akaagiza bayasogeze mbali. Mawingu. Akafikiri joto la Beni, kwa sababu Butembo kuko baridi. Akaagiza kidude kikae mu salle saa moja mbele ya kucheza, kizoee. Mawingu tena, na safari hii Mama Providence aliandika ku telefone: "Papa, kama macho imechoka, hapana haya. Muachie bengine."

Ile message tuliisoma sisi bote, na hakuna aliyemuangalia Papa. Mathe, fundi mwenye kukaa naye ku meza moja, alipanda kiti akapangusa vumbi ku étagère ya juu, akasema anatayarishia mugeni nafasi. Kule Lubero bibi yake, Mama Kaswera, alikuwa anapanda viazi peke yake, na aliuliza kama kile kidude kinaweza kuja kulima pahali pa mume. Papa alijibu kwamba hataondoka wakati kitu kinabaki ku ile étagère. Pension tu njo ilikuwa inaombea panne, ule ugonjwa wa kidude, isipone.

Mara ya ine alipanda taxi yeye mwenyewe, na Mathe. Kule Bungulu aliketi ku banc ya nyuma, akastaajabu: bachezaji bote balikuwa na kidevu ku kifua kama batu benye kutubu, na hapo tu gari ilienda sawa. Kumbe balikuwa bamezoea ugonjwa. Kisha zamu nyingine ikaanza. Mama Providence aliahidi muchungaji wake kwamba hakuna atakayecheza kwake bila maombi. Basi, muchezaji anavaa casque, anainamisha kichwa, na Lévi, musimamizi wa salle, anaomba. Na vile Lévi anapenda kazi ya haraka, anafinya bouton ya kuwasha kidude kati ya maombi.

Hapa niungame kitu. Papa Phinées anaomba macho wazi. Ni sababu ya fer à souder, chuma cha moto cha kulehemu: mutu hafungi macho karibu na moto. Mimi naketi kando yake ku kanisa, na mara mingi nilimuhukumu mu roho yangu. (Mutu asiulize namna gani niliona.) Bwana anisamehe, kwa sababu yale macho wazi njo yaliona kidole cha Lévi.

Kidude kikiwashwa, sekonde za kwanza kinajifunza mbele iko wapi. Hiki kilijifunza wakati kichwa kiko chini. Mutu akisema Amina na kunyanyua kichwa, chenyewe kinasadiki anaangalia mbinguni. Hakikuwa na panne hata kidogo.

Mathe alifungua kinywa. Papa Phinées alimukanyaga muguu. Salle ilikuwa imejaa, na Mama Providence alikuwa amesimama mbele ya batoto bote. Papa akauliza kama kuko rideau. Haikuwa, bakamupa dépôt, chumba cha kuwekea masanduku ya fanta. Akakaa kule nusu saa. Alipotoka alisema: "Mama, kimepona. Lakini sasa kiko na masharti: mukiwashe Amina ikiisha, hapana mbele yake, na mutu aangalie écran." Lévi akaomba. Amina. Bouton. Dereva akaangalia barabara. Batoto batatu baligongesha gari ku ukuta wa mu écran, kwa sababu shingo zao zilikuwa zimezoea toba.

Juma iliyopita Mama Providence alifika hapa na kuku mbili. Alikuwa amefikiri, akaelewa.

"Papa, ile nusu saa mu dépôt, ulikuwa unatengeneza nini?"

"Nilikuwa ninakunywa fanta yako, Mama."

"Na ile maneno niliandika juu ya macho?"

"Ni kweli imechoka. Nikiifunga, ninalala. Njo maana ninaomba vile."

Mama Providence alicheka mupaka akatafuta kiti, na ni yeye mwenyewe aliniambia niandike yote.

Basi étagère iko tupu. Jana Papa Phinées aligawa vitu vyake. Mathe alikuwa anangojea fer à souder. Alipewa rideau, imefuliwa na kupigwa pasi, na hakuficha huzuni. Saa ine mwalimu mumoja akaleta télécommande, rimoti ya televizio, yenye "imekufa". Mathe akaifungua, akaona haina pile hata moja, akatuangalia, akafunga kinywa, akaenda nyuma ya rideau. Alikaa dakika makumi mbili. Ni mwanzo tu, atajua kipimo.

Papa Phinées, wasingya kutsibu, asante sana. Mungu akusindikize mupaka Lubero, akupe mavuno mazuri pamoja na Mama Kaswera, na siku nyingi zisizo na haraka. Sasa sisi bote tuinamishe vichwa tuombee chakula, kwa sababu Pension iko mu sahani. Wewe, Papa, uache macho wazi, utuchungie nyama.

Bénite, kwa jina la bote ba atelier