Papa Gracien na Nyumba ya Mviringo ya Mulima Kahwinja

Baba Padri, ndugu, majirani wa Cimpunda, na ninyi askari mulioshuka mulima tangu alfajiri, mimi ni Yolande, binti wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kama sauti itakatika munivumilie, nitafupisha, maana Papa hakupenda hotuba ndefu wala saruji yenye muchanga mwingi.

Papa Gracien Cirhuza Ntakobajira alizaliwa Bagira tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 1959, mutoto wa ine wa Muzee Ntakobajira na Maman Véronique, akasoma shule ya msingi palepale Bagira hadi mwaka wa 1971, akaingia karakana ya parokia kujifunza kujenga, lakini mwaka wa 1974 baba yake alipopooza aliacha masomo, akaanza kubeba mawe kwenye chantier za ujenzi za Ibanda, na mikono yake haikulainika tena.

Tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka wa 1981 jeshi lilimwajiri kama fundi wa kiraia kwenye kituo cha rada cha mulima Kahwinja, kilomita thelathini na moja kutoka mujini, tisa za mwisho kwa miguu, na rada, kwa wasioijua, ni ile mashine inayoziona ndege kabla macho ya mutu hayajaziona. Alikuta mahema sita na mashine ndani ya lori, baridi ya kukata masikio, maharagwe yanayochemka tangu asubuhi na jioni bado magumu, maji yakipandishwa kwa bidoni kutoka bondeni. Kufikia mwaka wa 1984 alikuwa amejenga nyumba ya mviringo ya mashine, kuta za mawe zenye unene wa mukono mzima, bila dirisha hata moja, halafu nyumba za matofali za familia, tanki la maji ya mvua, na chumba cha jenereta, ambamo wamaman walianika nguo za watoto kwa sababu hakukuwa na joto mahali pengine.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1985, alifunga ndoa na Maman Lucie kule Kadutu, akamupandisha mulimani. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata Maman alishikwa na uchungu, wanaume wane wakamubeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa mabegani, mvua ikawakuta njiani, na mutoto wao wa kwanza, Mapendo, alizaliwa katika matope ya kilomita ya sita, hakulia. Papa alimuzika, akarudi kazini siku ya tatu, watu wakasema ana moyo mugumu, lakini mwenye kovu usidhani amepoa, maana tangu hapo alitaka jambo moja tu, chumba cha kuzalia kule juu, mwanamuke yeyote asibebwe tena kwenye ile njia. Sisi watano tuliofuata, mimi, Lucien, Guylain na dada zetu wawili, tulizaliwa wote mujini, kwa sababu alimushusha Maman mwezi mmoja mbele ya kuzaa.

Sasa niseme na kosa lake, maana yeye mwenyewe alilisimulia akicheka hadi kukohoa. Mwaka wa 1989 aliwahurumia wamaman waliopikia mvuani, akawajengea jiko lenye paa refu la manjanja mapya, mabati ya kung'aa, akaliweka mbele ya mashine bila kuuliza mutu, na kesho yake rada ikaonyesha kitu ambacho hakisogei, kituo kizima kikakaa na bunduki siku mbili kikingojea ndege, wamaman wakakatazwa kuwasha moto, jamani, na kumbe ndege ni jiko lao! Alilala cachot, chumba cha kufungia askari, siku ine, akang'oa manjanja, akaezeka majani, na jina la Papa Ndege likamushika. Tulicheka, lakini jina hilo lilimukosesha usingizi, maana kila alipoandika barua kuomba maternité, kile chumba cha kuzalia, komanda aliuliza kwanza, “Si ni ule wa ndege?”, na barua ikarudi, na barua hizo zilifika tisa.

Mwaka wa 1998 mashine ilizima, ikapakiwa, wakubwa wakashuka nayo, Papa akabaki kama mulinzi pamoja na askari wachache wa redio na familia zao, nyumba za matofali zikaanza kuanguka, yeye akizisiliba kwa udongo, na ile ya mviringo ikabaki tupu. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2022 Francine, muke wa askari wa redio, alitokwa damu nyingi njiani, karibu tumupoteze, na tipoyi iliporudi wamaman tisa, Maman Lucie mbele, waliilaza mbele ya mulango wa Komanda Jean-de-Dieu, wakaketi juu yake, wakamwambia, “Komanda, leo utapita juu yetu.” Hakupita, alimwita Papa, wakaingia pamoja katika nyumba ya mviringo, na tarehe 8 mwezi wa pili komanda akatia sahihi nyumba hiyo igeuzwe maternité.

Papa alikuwa na miaka karibu sitini na mitatu. Pamoja na Lucien na Guylain alitoboa madirisha mawili katika zile kuta, wiki sita kila dirisha, akizilaani kana kwamba si yeye aliyezijenga, na mwezi wa tano mwaka wa 2023 mafigo yakaanza kumusumbua, daktari akamukataza kupanda, akaitika ndiyo docteur, akapanda. Maternité ilifunguliwa tarehe 15 mwezi wa kumi, vitanda vitatu, na hadi leo watoto arobaini na mmoja, wa kituo na wa vijiji vya kando, wamelia mule ndani. Alilazwa Ibanda tarehe 20 mwezi wa tano mwaka huu wa 2024, akatuacha siku ya pili, yaani Jumanne, tarehe 11 mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, Maman akimushika mukono, anaacha mujane, watoto watano na wajukuu saba, na sisi inatuuma, tusidanganyane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ibanda waliovumilia ubishi wake, majirani wa Cimpunda waliotuletea kuni, maji na mikeka, na wenzake wa kituo, waliomufundisha kupiga saluti ingawa alikuwa raia. Tunamwombea radhi Charlène, mukunga wa kule juu, ambaye alikuwa amevaa tayari kuja kuzika, akarudi ndani, maana tangu asubuhi kuna mwanamuke kitandani, uchungu umekaribia, na Papa, hata angefika hapa ungemurudisha wewe mwenyewe. Pumzika kwa amani.