Daftari la Bo-ram

Ndani ya basi la asubuhi mjini Daegu, Bi Pyo alifumba macho, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake mzee mmoja alikuwa amepakata begi la msichana wa shule aliyekosa kiti, kama ilivyo desturi ya huko, huku mzee mwenyewe akihangaika na kitabu chake cha kujifunzia Kiingereza.

"Mjukuu wangu, kitenzi hiki maana yake nini?"

"Kushindana, babu."

"Nitungie mfano."

Msichana akafikiri. "Ninashindana na Bo-ram."

"Huyo Bo-ram ni adui yako?"

"Tunakaa dawati moja. Alipougua aliniomba daftari langu anakili. Nikamwambia nimelisahau nyumbani."

"Kumbe ulikuwa nalo."

"Lilikuwa ndani ya begi. Mtihani ulipokuja, nikawa wa tatu. Yeye akawa wa thelathini."

"Hongera," alisema mzee, kwa sauti ambayo Bi Pyo asingependa kupongezwa nayo.

"Siku hizi hata salamu yangu haitikii."

Basi likasimama mbele ya shule. Mzee akamkabidhi begi lake. "Mbona zito hivi? Hilo daftari bado limo?"

"Nalibeba kila siku, babu," alisema msichana akishuka. "Huenda akaniomba tena."