Gari la Kumi na Tisa: Maisha ya Jairus Andati Shikanga, 1951–1999

Wazee wetu, mapasta, majirani na ninyi nyote mlioacha mashamba leo Jumamosi, tarehe 20 Februari 1999, mkaja hapa Lurambi, familia imemtuma Osundwa, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba radhi mapema, kwa maana kuna mahali ambapo familia ilibishana jana kutwa iwapo pasomwe au paachwe, na ni mjane aliyesema pasomwe.

Jairus Andati alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika boma hili hili, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Shikanga na mama Phoebe, ambaye Mungu amemweka hadi leo na ameketi pale mbele. Tangu utotoni alikuwa mwoga wa giza, wala hatusemi hivyo kumwaibisha, maana mwenyewe alilisema hadharani, ya kwamba akiwa na miaka saba alitumwa alfajiri kuchota maji, taa ya mafuta ikamzimikia njiani, akasimama pale pale na mtungi kichwani hadi kulipopambazuka. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto hakuenda choo cha nje bila tochi mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni ya kuisaidia ya kwanza, na shemeji zake walimcheka kwa hilo hadi wakachoka.

Alisoma katika shule ya msingi ya kanisa hapa Lurambi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafaulu vizuri, lakini karo ya sekondari haikupatikana, basi Januari 1968 akaingia katika gereji moja mjini Kakamega kujifunza ufundi wa stima, yaani umeme wa magari, akakaa huko miaka kumi na mitano. Mwaka 1983 alifungua kibanda chake mwenyewe kando ya kinu cha posho, kile cha kusagia mahindi, na ule ukuta mweupe wa nyuma ya kinu, wenye mistari ya chaki ambayo watoto hudhani ni mchezo, ndio aliokuwa akielekezea taa za wateja.

Tarehe 18 Desemba 1976, kanisani, alifunga ndoa na Selpher Nabwire wa Matete, wakajaliwa watoto watatu, Risper aliyezaliwa mwaka 1978, Weldon mwaka 1981, na Mitchel mwaka 1985, na wa kwanza ndiye aliyerithi bisibisi za babake, kwa hiyo wanaouliza kibanda kitafunguliwa na nani, kitafunguliwa na Risper.

Kuanzia mwaka 1991 marehemu alijulikana kwa taa alizozitengeneza kwa mkono wake. Magari yaliyoingia kwenye vijia vya mashamba ya miwa huko Mayoni, mvua imenyesha na matope yamefika kwenye ekseli, yalikuwa na taa hafifu za kiwandani ambazo hazikuonyesha hata shimo lililo mbele, naye kwa kuwa alijua giza ni nini, akachukua mikebe ya mafuta ya kupikia, akaisugua ndani hadi ikang'aa, akaitia balbu kubwa za lori, akakata vioo mwenyewe, akafunga waya nene na swichi yake, taa nne juu ya kila gari. Kwa trela za miwa alifanya jambo ambalo hatukuwa tumeliona, alikusanya zile taa ndogo nyekundu za redio mbovu, wenye elimu yake huziita LED, akalehemu arobaini kwa mstari mmoja na kuzifunga nyuma ya trela, ili anayekuja aione kabla ya kuivaa. Nyuma ya kila taa aliyoitengeneza alipiga msumari mara tatu, vitone vitatu, hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Sasa tumefika mahali penyewe.

Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, saa moja na nusu jioni, marehemu alikuwa akitoka kumwona mgonjwa, akiendesha baiskeli na mkewe ameketi nyuma, wakishuka kuelekea mto Isiukhu, pikapu ikapanda kutoka chini ikiwa imejaa magunia ya mbolea, na mwanga wake ukawaingia machoni mzima mzima, hawakuona barabara, hawakuona mtaro, hawakuona hata mikono yao. Baiskeli iliingia mtaroni, Selpher akavunjika mkono wa kulia, na pikapu ikapita bila kusimama. Marehemu alituambia kwamba akiwa chini, mke analia kando yake, aliuangalia ule mwanga ukipita juu ya majani ya miwa na kuona pembeni mwake duara la manjano, akalijua, kwa maana kioo kile chenye kasoro alikuwa amekikata mwenyewe wiki mbili kabla. Ilikuwa pikapu ya Mukhwana wa Mayoni, na zile taa zilikuwa kazi ya mkono wa marehemu mwenyewe.

Kosa lenyewe aliligundua usiku huo huo hospitalini, mkewe akifungwa plasta. Miaka yote sita alikuwa akielekeza taa pale ukutani gari likiwa tupu, mteja amekuja na gari tupu, analipa, anaondoka, na hakuna aliyefikiri kwamba gari la huku kwetu haliendi tupu hata siku moja, hubeba miwa, mbolea, ng'ombe, watu kumi na watano wa mazishi, likilala nyuma linainua pua, na taa iliyokuwa ikiangalia barabara sasa inaangalia macho ya mtu.

Tangu siku hiyo kaka yetu alikuwa mtu wa hofu. Aliandika katika daftari magari yote aliyoyafungia taa, yakafika kumi na tisa, akaanza kuyafuata moja moja, na kila alipolipata aliwaomba watu wa sokoni wapande nyuma wakae kama mzigo, ndipo azishushe, na wengi wenu mliopo hapa mlipanda mkicheka, hamkujua mnafanya kazi gani. Wenye magari hawakupenda. Mmoja alimwambia, "Mzee, mimi nililipa nionange mbali, sasa unataka nionange miguu yangu tu?" Marehemu hakubishana, alimwita Selpher aje aonyeshe mkono, ule mkono ambao hadi leo haunyooki, na mwenye gari akawaita watu wapande nyuma.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Kila injini iliponguruma barabarani aliacha kijiko, akatoka nje kuangalia mwanga umepanda wapi, hadi mkewe akamtania, "Baba Risper, giza umeliogopanga miaka yote, sasa na taa pia?" Akajibu, "Giza halijawahi kumvunja mtu mkono, Mama Risper. Mimi nimevunja." Agosti mwaka huo iliposikika kwamba mwendesha baiskeli amegongwa karibu na Mayoni na kufa, alienda matangani kwa watu asiowajua, akaketi nyuma kabisa, akangoja hadi alipothubutu kuuliza ni gari gani, akaambiwa ni trekta isiyokuwa na taa hata moja. Alirudi akilia kwa kushukuru, halafu akalia tena kwa aibu kwamba ameshukuru juu ya maiti ya mtu.

Kufikia mwisho wa mwaka 1998 alikuwa ameyapata kumi na manane. Lililobaki lilikuwa lile lile la Mukhwana, ambaye aliposikia kuna watu waliingia mtaroni aliogopa kushikwa, akaliuza ndani ya juma moja, likauzwa tena, likapakwa rangi nyingine, likapotea. Marehemu alilitafuta Matete, alilitafuta Mayoni, alilitafuta katika mvua kubwa za mwaka juzi na za mwaka jana, na ni katika mvua hizo kifua kilipomkamata.

Alilazwa hospitalini tarehe 1 Februari mwaka huu kwa nimonia, kitanda kikawa karibu na dirisha, na mwanga wa magari ulipopita darini alimshika Risper mkono na kusema, "Hiyo imepanda sana. Enda uangalie." Risper alitoka kila mara, akarudi kila mara na kusema siyo yenyewe. Kaka yetu aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Februari, saa kumi na moja alfajiri, na maneno yake ya mwisho kwa binti yake yalikuwa kuuliza kama amelipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Lurambi waliolala nje nasi siku kumi na moja, mafundi wenzake walionunua jeneza, na kanisa. Lakini shukrani ya mwisho ni ya mama mmoja aitwaye Chemutai, mnamwona pale kando ya pikapu nyeupe, ambaye tulimkodi jana Ijumaa kutoka Chavakali alete mwili nyumbani kwa sababu hakuna gari lingine lililopatikana.

Lilipoingia langoni jioni taa zikiwaka, mjane alipiga yowe na kuanguka, nanyi mkasema ni uchungu wa jeneza. Haukuwa uchungu wa jeneza peke yake. Selpher aliona kwenye ukuta wa nyumba duara la manjano. Risper alikwenda mbele ya gari akapapasa nyuma ya taa, akahesabu vitone kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu. Mama Chemutai alilinunua mwaka jana, hakujua lolote, na amebeba watu nalo kila wiki, Mungu amewahifadhi. Wale mlionung'unika kwa nini jeneza limekaa garini nusu saa nzima na watu wanane wameamriwa kukaa kando yake bila kushuka, hii ndiyo sababu, binti alisema babake hakuwahi kupata mzigo wa haki wa kulipimia gari hili, leo mzigo ni yeye. Alipiga hatua kumi kutoka ukutani, akachora ukutani mstari wa chaki kiganja kimoja chini ya usawa wa taa, akazishusha zote nne, na kwa mara ya kwanza mwanga ule ukatua chini, kwenye nyasi, mbele ya miguu ya mamake.

Daftari lililetwa, na mstari wa kumi na tisa ukatiwa alama na Selpher mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Andati, kaka yetu, limepatikana. Pumzika kwa amani, na magari yakipita barabarani, usiyasikilize tena.