Nzi wa Bwana Stukenholtz

Sogeeni karibu, Galen mwanangu na Tessa mjukuu wangu, na wewe Galen zima hiyo redio ya bei za mahindi, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kuigombania na mahindi.

Galen, shamba ni lako pamoja na ng'ombe, na banda la mnada pia ni lako, ila usimfukuze Wilma anayeoka pai pale, hata siku mdomo ukimzidi. Umenitunza vizuri, mwanangu, nami namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Sasa wewe, Tessa. Jana nilikusikia jikoni ukimwambia baba yako, "Chuo cha kuvisha farasi viatu vya chuma kinaanza keshokutwa, lakini bibi nitamwachaje katika hali hii?" Naye akakujibu, "Si ubaki tu kwenye ofisi ya maghala ya nafaka? Kazi unayo, hao farasi watakuvunja mbavu." Galen, hapo ukome. Asipofika kesho, nafasi yake anapewa mwingine, na wewe unajua.

Nitazame, Tessa. Huogopi kuniacha, mama. Unamwogopa yule farasi wa kwanza atakayekukataa mbele za watu. Hofu hiyo naijua, nimelala nayo kitanda kimoja.

Mimi niliutaka udalali wa mnada tangu nasukwa mikia miwili, na baba yangu alicheka mpaka kofia ikamdondoka: "Vernelle, mwanamke atanadi nini, mayai?" Basi nikawa nanadi nguzo za uzio, kama wanavyofanya wote wanaojifunza huku kwetu Nebraska, unaendesha gari huku ukizipigia bei nguzo zinazokupita, mpaka ulimi ulainike. Nguzo hazicheki. Watu ndio shida.

Siku ya kwanza nikapanda jukwaani kunadi ng'ombe. Wanunuzi wetu hawasemi, mtu anagusa kofia tu, na aliyegusa mwisho ndiye mwenye ng'ombe. Nikamwona Bwana Stukenholtz, kinyozi, anagusa kofia, nikapiga nyundo ya kufunga bei, ng'ombe wake! Kumbe maskini anafukuza nzi, yeye alikuja kula pai. Banda zima likaangua kicheko, baba yangu mstari wa mbele, nikatamani ardhi inimeze. Yule kinyozi akasimama, akavua kofia kabisa. "Mnacheka nini? Ng'ombe huyu nilimtaka, nzi kanikumbusha tu. Endelea, binti, unatuchelewesha." Akamfunga kamba akaondoka naye, mtu asiye na hata zizi!

Nami nikaendelea. Hofu haikuniacha, wanangu, nilipanda nayo jukwaani kila Jumanne mpaka nilipostaafu, lakini haikupata kushika nyundo. Nashukuru. Nashukuru kwa kila asubuhi niliyoamka nikiitamani kazi yangu, maana wangapi wanalipata hilo? Hata baba namshukuru, mwishowe ndiye aliyekuwa akinibebea maji ya kunywa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tessa, pikapu yangu ni yako, na unaondoka leo, si nikishazikwa. Mtu wa kusimama upande wako, kama yule kinyozi, yupo huko mbele, ila hutamwona ukiwa umekaa hapa unanipepea. Galen, mpe hela ya mafuta, na umwombe radhi kwa yale maneno ya mbavu. Na ukinizika, usimwite arudi. Siku hiyo nataka awe ameshika mguu wa farasi.

Mungu akupe mgongo imara, mjukuu wangu... na mikono... mikono isiyoona kinyaa. Akupe kazi utakayoiamkia kwa furaha. Lete shavu. Haya, toka, usinililie hapa, utanipunguzia pumzi.

Galen... fungua dirisha, niisikie injini. Bado? Analia kwenye usukani? Mwache alie, atawasha tu... Kaa hapa, nishike.

Ahaa. Hiyo. Inakwenda, eti? Inakwenda... Asante, mwanangu. Funga sasa... baridi.