Nasipwondi Aliyefuta Neno "Mzima"

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo hapo mlipo. Epua sufuria kidogo, ukae. Leo tunamkumbuka Rosebella Nasipwondi, muuza makaa wa Mashimoni, Kibera. Alituacha mwezi huu wa Agosti, mwaka wa 1999. Wengi mlimjua kwa makaa. Mimi nyanya yenu nataka mumjue kwa barua.

Nasipwondi alisoma mpaka darasa la nne. Darasa la nne tu, kama mimi. Lakini majirani waliotoka Bungoma walimjia awaandikie barua za nyumbani. Naye aliandika vile sote tulivyoandika. Salamu kwa baba, salamu kwa shangazi, salamu kwa watoto wa shangazi, sisi huku ni wazima. Karatasi imejaa. Basi.

Mwaka wa 1994 alimwandikia Nafuna barua ya kwenda kwa mamake. Nafuna alikuwa msichana wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akifunzwa kushona na fundi mmoja, Mama Wagaki. Alibakisha miezi mitatu tu amalize. Mamake, Nasike, alikuwa Bungoma. Macho yake hayakuona tena, kwa hivyo katekista ndiye aliyemsomea.

Jibu likaja. "Barua yako ina salamu nyingi, lakini mtoto wangu simwoni. Jirani yangu aliandikiwa 'mzima, mzima', mpaka siku mtoto alipoletwa kwa sanduku. Nafuna afunge vitu vyake. Mjomba wake anakuja kumchukua mwisho wa mwezi."

Nafuna alilia. Kushona kungeishia nusu, na nusu ya fundi si fundi. Nasipwondi hakulia. Binti yake Mercyline anakumbuka: "Mama aliikunja hiyo barua, akasema, 'Huyu mama ana haki. Mimi ndiye sikuandika kitu. Nitajifunza kuangalia.'"

Alikuwa na wiki tatu, wasikilizaji. Wiki tatu.

Mteja akiondoka na makaa, Nasipwondi alichukua karatasi ya pakiti ya unga, akaandika mambo matatu ambayo macho yake yameona. Si aliyodhani. Aliyoona. Akiandika "ana huzuni", anafuta. "Huzuni umeionea wapi?" anajiuliza. Halafu anaandika: "Alijitwika makaa, akasahau kwenda."

Boaz, seremala wa jirani, alimtania. "Mathe, niaje? Kwani siku hizi wewe ni karao? Unatuandikia ripoti ya polisi?"

"Karao angeona umevaa soksi mbili, moja yako na moja ya mtoto?"

Boaz akaangalia miguu. Watu walicheka mpaka akarudi kwa mbao zake.

Wiki ya tatu alipita Kianda kwa miguu, mpaka Kongo. Akaketi kwa stuli kando ya cherehani, mchana kutwa. Akaandika, "Nafuna anashona vizuri." Akafuta. Akaangalia tena. Akaandika hivi:

"Nafuna anakata uzi kwa jino la kushoto, lile lililovunjika alipoanguka kutoka kwa mpera. Kabla ya kukanyaga cherehani anavua kiatu cha kulia. Leo kola ilipinda, akaifumua mwenyewe bila kuambiwa. Amekonda. Sketi ameibana kwa pini."

"Mayi, toa hiyo ya pini!" Nafuna akapiga kelele, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mama akisikia, nimekwisha!"

"Mwanangu, nikificha pini, hata jino hataliamini."

Pini ikabaki. Jioni hiyo hiyo barua ikapanda basi la Bungoma.

Mwisho wa mwezi mjomba alifika kweli. Nafuna alikuwa ameshafunga nguo zake. Lakini mjomba alitua gunia mlangoni, na ndani mlikuwa na maharagwe na njugu. Akasema, "Katekista alipofika kwa jino, dada yangu alimwambia asome tena. Alisomewa mara nne. Akasema, 'Nimemwona. Amalize kushona. Lakini ale.'"

Nafuna alimaliza. Leo ana cherehani mbili hapo Kongo.

Siku ya mazishi, mtu alisoma kwamba marehemu alikuwa mama mwema, mkarimu, mpenda watu. Nafuna akasimama kule nyuma. "Samahanini. Hiyo angeifuta." Akasogea mbele. "Kabla ya kuandika, alijifunga leso mkononi, makaa yasichafue barua ya mtu."

Hapo ndipo tulipolia.

Kwako Mercyline, na wajukuu, na jamaa wote wa Mashimoni na Bungoma, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, nyumbani mwako kuna mtu. Leo akiinama kufunga kiatu, au akipuliza chai yake, mtazame. Ukiulizwa habari zake, ulimi utakimbilia kusema "ni mzima". Futa. Angalia tena.