Shangazi Spana Akabidhi Funguo za Karakana

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya klabu yetu ya huduma, fundi wetu mkuu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa pia fundi wetu pekee, anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane. Wanachama wengi hawalijui jina lililo kwenye mkataba wake. Wanamjua kama Shangazi Spana, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Alikuja kwetu kama mfagizi. Siku zile chumba cha nyuma ya ukumbi kilikuwa kimejaa magongo na viti vya magurudumu hadi dirishani. Vilitolewa na waliopona na waliofiwa. Klabu ilipenda kupokea, kutengeneza haikujua. Shangazi, binti wa fundi baiskeli, alichoka kufagia huku akivizunguka vitu ambavyo havikuhitaji zaidi ya nati na tone la mafuta. Asubuhi moja katibu alimkuta chini ya kiti, miguu tu ikionekana, akapiga kelele watu walete maji. Shangazi alikuwa anatia grisi. Mwezi uliofuata ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Kazi ilianzia hapahapa mtaani: mwashi aliyedondoka kutoka jukwaani, bibi wa nyumba ya kona, mwanafunzi aliyekuwa akibebwa mgongoni na kaka yake hadi darasani. Kila mmoja alipimwa kama anayeshonewa suti. Alipimwa mapaja na mgongo, kisha akaulizwa upana wa mlango wa chumba anacholala. Mwashi aliponung'unika kwamba ana haraka, aliambiwa kuwa haraka ndiyo iliyomshusha jukwaani. Alicheka mpaka bendeji ikalegea, akakaa akapimwa.

Kisha ikaja zamu ya ng'ambo. Hospitali moja ndogo ilituomba viti, nasi tukakodi kontena, likajaa kabla viti havijaisha. Shangazi akashauri magurudumu yavuliwe na kutiwa kwenye magunia. Vyote vikaingia, tukapiga picha, tukala keki. Baada ya miezi miwili ukaja ujumbe wa adabu kabisa: wamepokea viti visivyo na miguu, pamoja na magunia ya miguu isiyo na viti, na wanashukuru sana. Viti vilikuwa vya viwanda mbalimbali, na ekseli ya hiki haikukubali gurudumu la kile.

Kwenye kikao kila mtu alianza kumtazama jirani yake. Shangazi akasimama. "Mchawi ni mimi," alisema, "msihangaike kutafuta mganga." Akaomba apelekwe, kwa kuwa aliyefunga gunia ndiye alifungue. Mtu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote akapanda ndege na mfuko wa spana, ambao maofisa wa uwanja waliukagua kwa muda mrefu kuliko walivyomkagua yeye.

Alikaa wiki nzima katika ua wa hospitali ile, pamoja na mlinzi wa geti na mama wa kufulia, bila kujua hata salamu ya lugha yao. Walijaribu gurudumu moja baada ya jingine wakitikisa vichwa. Kila lilipoingia mahali pake, wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi, na daktari mmoja alitoka kuuliza ni nani ameoa. Mwishoni gurudumu moja lilibaki bila kiti. Mpaka leo hakuna anayejua lilitoka wapi, na Shangazi hapendi kuulizwa.

Tangu hapo hakuna kiti kilichosafiri bila kufungwa, chenyewe na magurudumu yake, vipande vya kitambaa kimoja, kila kiti na kitambaa chake. Kitambaa cha kwanza alikipata wapi, mwenyekiti aligundua kwenye mkutano uliofuata, jua lilipompiga usoni katikati ya hotuba. Pazia la upande wa mashariki lilikuwa tayari baharini.

Sisi tuliowahi kupokea msaada mbali na kwetu tunajua tofauti kati ya kitu kilichotupwa kwa mkono wa huruma na kitu kilichoandaliwa kwa ajili yako. Vya Shangazi viliandaliwa. Aliyekalia kiti chake alihisi kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyemngojea.

Kwa kweli alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Goti lilikwisha kumwomba talaka. Lakini mweka hazina wetu, ambaye hana ubaya ila ana viti vingi vya plastiki vya mikutano, alimwambia wazi: "Shangazi, ukiondoka hiki chumba nakifanya stoo." Naye akajibu: "Basi siondoki." Kamati ikaamua kati yao: akipatikana mrithi, karakana itabaki; asipopatikana, itafungwa.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa fundi pikipiki, aliyekaza kila nati mpaka ikakatika. Wa pili alikuwa mpwa wa Shangazi mwenyewe, ambaye alipenda kuviendesha viti kuliko kuvitengeneza. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na undugu ukaendelea kama kawaida. Miezi ikapita, Shangazi akawa anakuja kazini akijishika ukutani.

Ndipo akaja mama mmoja mshona viatu, akimsukuma baba yake kwenye kiti chetu, mwenyewe amevimba kwa hasira. "Chuma sawa," alisema, "lakini hiki kitako kakishona nani? Jogoo?" Aliyekishona alikuwa Shangazi. Alikitazama kitako, akamtazama mama, kisha akampa sindano. Jioni ile aliiandikia kamati sentensi moja: mtu amepatikana, na ana mdomo.

Mshona viatu ameanza kazi wiki hii. Siku ya kwanza tu aliihamisha meza ya kazi kutoka ukutani, ilipokaa miaka yote hiyo, akaiweka dirishani penye mwanga. Shangazi alisimama mlangoni. Kisha akaweka funguo juu ya meza hiyo hiyo na kwenda kutafuta mkoba wake. Mweka hazina, aliyeshuhudia, ameanza kuulizia nafasi ya viti vyake kwingineko.

Mume wa Shangazi, mpishi mstaafu wa shule, anatuarifu kwamba amekwisha kumpangia kazi: kukaa. Binti zake wawili hawaamini kama ataiweza.

Shangazi, ahsante kwa kila aliyetoka mlangoni petu akiwa amekaa vizuri. Lilaze goti, na uamke saa unayotaka wewe. Mungu akujalie siku ndefu na nyepesi. Chumba hakifungwi.