Bi Chenji na Kilichozidi

Pesa isiyo yako isilale nyumbani mwako. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika marehemu dada yetu tangu utotoni, na hakuna aliyemwona akiivunja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi viatu na mshonaji. Akiwa darasa la tatu alitumwa mafuta ya taa, akafika nyumbani na chenji iliyozidi. Alirudi mbio, akakuta duka limefungwa. Mama alimkuta jioni amesinzia kwenye kizingiti cha duka, sarafu kaziminya kiganjani.

"Si ungekuja kesho, mwanangu? Mwenyewe wala hajui."

"Mimi najua, mama."

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Bi Chenji.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989. Alitamani ualimu, lakini mkono wa baba ulipooza, naye akakalia kigoda cha baba kibandani na kujifunza kushona ngozi. Mikoba yake ilikuwa na mshono ulionyooka kama umepigwa rula. Kuanzia mwaka 2016, kwa msaada wa simu ya bintiye mkubwa, ilianza kununuliwa hadi ng'ambo.

Mume alimpata kibandani humohumo. Mwaka 1994 fundi saa mmoja alinunua mkanda, akalipa zaidi, akaondoka bila kungoja chenji. Bi Chenji alimfuata mtaa wa pili. Wiki iliyofuata fundi huyo akarudi kununua mwingine, na mwingine tena.

"Kaka, una viuno vingapi?" Bi Chenji alimuuliza mbele ya wateja.

"Kimoja tu, dada. Nilitaka unifuate."

Walifunga ndoa tarehe 3 Juni 1995, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba valvu ya moyo wake imelegea. Upasuaji ulipangwa kufanyika Septemba, na pesa yake ilikuwa tayari benki. Mwezi Agosti mteja wa ng'ambo aliagiza mikoba arobaini, akatuma hundi. Kiasi kilichoingia kwenye akaunti kilikuwa karibu mara mbili ya bei. Mteja akaandika kwamba karani wake amekosea na atafukuzwa kazi. Akaomba kilichozidi kitumwe upesi kwa wakala wake, kwenye akaunti nyingine.

"Mke wangu, ngoja hundi iive," shemeji alimsihi. "Pesa inaonekana leo, kesho benki wanaiondoa."

"Ni pesa ya mtu, baba watoto."

"Basi irudi kwa njia iliyojia."

"Na yule karani je? Mtoto wa watu akose kazi kwa sababu mimi nimekalia pesa yake?"

Aliituma siku hiyohiyo.

Wiki tatu baadaye benki ilisema hundi ni bandia, ikaondoa kiasi chote kilichokuwa kimeingia. Alichomtumia wakala kilikuwa, kumbe, kimetoka kwenye pesa ya upasuaji.

Wapo wanaonong'ona humu kwamba alikuwa mjinga. Wanyamaze. Mwenye tamaa angekaa kimya na ile ziada. Mwizi yule alihitaji mtu mwaminifu, akampata. Watu wawili walimzidishia dada yetu pesa makusudi: mmoja alimpenda, mwingine alimwibia, naye aliwarudishia wote kwa moyo uleule.

Kila fundi aliyekuja kumpa pole, dada alimshika mkono na kumwambia asipeleke mzigo wala kurudisha chochote mpaka benki ithibitishe kwa maandishi kwamba hundi imeiva. Na kilichozidi kirudi kwa njia ileile kiliyopitia, kamwe kisiende kwa mtu mwingine. Kanuni yake mwenyewe hakuiacha. Aliiongezea subira tu.

Ndugu na jirani tulichanga. Michango ilipotimia, Februari 2023, daktari alisema moyo umechoka mno, hautahimili kisu. Alifariki mchana wa tarehe 9 Aprili 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama ile mikoba imepata mnunuzi. Bado imetundikwa kibandani, yote arobaini.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu mzazi, na mdogo wake anayesoma haya.

Apumzike, dada yetu. Hadaiwi na mtu yeyote. Subira ya wiki tatu ingemwokoa. Haraka ya kurudisha cha mtu ilimgharimu upasuaji, na sisi imetugharimu yeye.